Jina la Aliyezalisha

Katika wodi ya wazazi nilikofanya kazi, rejesta ilikuwa na safu ambayo wakunga vijana hawakuipenda: jina la aliyezalisha. Kuandika uzito wa mtoto hakumtishi mtu. Lakini kuweka jina lako kando ya jina la mama ambaye siku ya tatu anaweza kushikwa na homa, tumbo likamuuma na mapigo ya moyo yakaenda mbio, hilo ni jambo jingine. Waliponung'unika, niliwasimulia habari za Aberdeen.

Aberdeen ni mji wa bandari huko Uskoti. Mwishoni mwa 1789 homa ya uzazi ilizuka humo, ikaua wanawake kwa zaidi ya miaka miwili. Wataalamu wa zama hizo walikuwa na maelezo tele: hewa mbaya, au maziwa yaliyokosa njia yakapotelea tumboni. Alexander Gordon, tabibu aliyepata kuhudumu katika meli za kivita na sasa akitibu maskini wa mji, alifanya kazi ya karani. Aliandika kila mgonjwa, umri wake, anakoishi, siku aliyougua, na nani alimzalisha. Walifika 77, na 28 kati yao walifariki.

Safu ya aliyezalisha ndiyo iliyofumbua fumbo. Homa haikutembea mtaa kwa mtaa kama inavyotarajiwa kwa hewa mbaya, ilifuata watu. Mkunga aliyetoka kwa mgonjwa aliingia nayo nyumba iliyofuata, na mwenziwe ambaye hakuwahi kumgusa mgonjwa alizalisha wanawake wazima wasipate lolote. Ikafika mahali Gordon akitajiwa mkunga tu, anaweza kubashiri kama mzazi ataugua. Aligundua pia kwamba homa hiyo ilikwenda sambamba na erisipela, ule uvimbe mwekundu wa ngozi. Leo tunajua yote mawili huletwa na kimelea kimoja, streptokokasi, lakini yeye hakuwa na njia ya kukiona.

Kitabu chake kilitoka 1795, na majina ya wakunga yamo. Hapa, kama mkunga, moyo wangu unagawanyika. Wanawake wale walikula kwa jina lao. Likichafuka hakuna atakayewaita. Ila Gordon hakujificha nyuma yao: alikiri waziwazi kwamba yeye mwenyewe aliwapelekea wengi maradhi. Alishauri nguo na matandiko ya wagonjwa yachomwe au yafukizwe, na wahudumu wanawe vizuri. (Tiba yake ilikuwa kuwatoa damu kwa wingi, ushauri ambao ni heri ungesahauliwa mapema.) Mji ulimgeuka, akarudi jeshini, akafa kwa kifua kikuu 1799.

Habari za Vienna zinajulikana zaidi. Hospitali kuu ya huko ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wanafunzi wa ukunga. Mwaka 1846 walikufa zaidi ya 11 katika kila wazazi 100 kwa madaktari, na chini ya 3 kwa wakunga. Mkunga yeyote akisoma takwimu hizo hutabasamu kwanza, kisha huwakumbuka waliokufa. Ignaz Semmelweis aliona kwamba wanafunzi wa udaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuzalisha. Mei 1847 akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, na vifo vikaporomoka.

Kimelea chenyewe kilisubiri hadi 1879, Louis Pasteur alipowachorea madaktari wa Paris ubaoni vidudu vilivyopangana mithili ya shanga uzini, alivyovipata kwa wazazi wenye homa.

London, miaka ya 1930, shughuli ilishikwa na ndugu wawili. Leonard Colebrook, wa hospitali ya Queen Charlotte's, alipima dawa ya kunawia iitwayo Dettol dhidi ya streptokokasi kwenye mikono ya watu. Ndiyo hiyo ambayo kwetu mjamzito huibeba pamoja na kanga na pamba akienda kujifungua. Mwaka 1936 alichapisha matokeo ya Prontosil, dawa nyekundu iliyobuniwa Ujerumani: kati ya wagonjwa 38 walikufa 3, katika wodi iliyozoea kupoteza mmoja kati ya wanne hivi.

Dadake Dora ndiye anayenivutia zaidi. Alilinganisha streptokokasi za wagonjwa na zile za puani na kooni mwa waliowahudumia, akakuta mara nyingi ni za aina ileile. Basi kunawa mikono pekee hakutoshi. Tangu nisome hilo, mkunga aliyekuja zamu na kidonda cha koo sikumruhusu kuingia leba, hata tukiwa wawili tu usiku kucha. Waliobaki na mimi kwenye zamu hizo hawakufurahi.