Namba 64: kutoka kwenye bao hadi kwenye kompyuta

Leo tuweke kodi kando kidogo, tuongee kuhusu namba moja tu: 64.

Hapa Nakuru, karibu na barabara ya kwenda Nairobi, kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, akakuta makazi na makaburi ya watu wa kale. Kwenye mwamba kuna pia mashimo madogo yaliyochongwa kwa safu: ubao wa mchezo wa jamii ya bao. Siku hizi pana makumbusho, nenda ujionee.

Michezo hii ina hesabu tofauti. Waluo hucheza ajua kwa mashimo 16 na kete 48, tatu kila shimo. Bao la Kiswahili, lile la Lamu na Zanzibar, lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Anaanza na 10 ubaoni, yaani 6 kwenye nyumba na 2 katika kila shimo kati ya mawili ya jirani, na 22 mkononi.

Sasa gawa 48 nusu kwa nusu: 24, 12, 6, 3, umekwama. Gawa 64: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Imefika mwisho bila kubaki kitu. Tena 64 ni 8 mara 8, na ni 4 mara 4 mara 4. Ukiacha 1, hakuna namba ndogo kuliko hiyo iliyo mraba na mchemraba kwa pamoja. Kompyuta huiandika 1000000: moja na sifuri sita.

Hapo ndipo wengine huruka na kudai kwamba wahenga wetu walivumbua kompyuta. Jamani, taratibu. Kwenye bao, kete moja ni moja tu popote ilipo. Kwenye mfumo wa jozi, ule ambao Leibniz wa Ujerumani aliuandikia mwaka 1703, thamani hutegemea nafasi: ile 1 ya mbele ina thamani ya 64 kwa sababu ya mahali iliposimama. Namba ni ileile, lakini namna ya kuiwakilisha ni tofauti kabisa.

Lakini bao lina jambo ambalo kila mwandishi wa programu analijua. Kete huzunguka, huliwa, hubadilisha upande, ila ukijumlisha za ubaoni na za mikononi, jibu ni 64 daima. Ukipata 63, kuna kete imeanguka chini ya mkeka. Sisi huweka ukaguzi kama huo ndani ya programu zetu ili kujua kama data imepotea njiani. Na ubao wenyewe ni kumbukumbu: wachezaji wakienda kunywa chai, mchezo unawasubiri pale pale.

Ule mwamba wa Hyrax Hill ni kumbukumbu iliyofutwa data. Mashimo yamebaki, kete zimeondoka. Tukiutwisha madai ya kompyuta, tunaacha kuona kilichopo: watu waliokaa juu ya kilima hiki, wakachonga jiwe gumu ili wapate mahali pa kuhesabu na kushindana. Historia hiyo inatosha, haihitaji kutiwa chumvi.

Haya, tukutane tena wiki ijayo.