Anayeanza kuteleza mawimbini achague ubao mkubwa

MCHEZO wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao uliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2021, katika ufukwe wa Tsurigasaki nchini Japani, ambako Italo Ferreira wa Brazil na Carissa Moore wa Marekani walitwaa medali za dhahabu.

Waliotazama mashindano hayo kwenye televisheni, na yale ya mwaka 2024 huko Teahupo'o, Tahiti, waliona mbao fupi, nyembamba na zenye ncha, zikikata mawimbi kama kisu. Wengi huamini kwamba huo ndio ubao wa kununua.

Imani hiyo ni kosa, na gharama yake si fedha tu. Ubao usiomfaa mwanafunzi humchosha angali mbali na ufuo, humwangusha mara kwa mara, na ncha yake inaweza kumjeruhi yeye au anayeogelea jirani.

Ujazo na vipimo

Uwezo wa ubao kumbeba mtu hutokana na ujazo wake, ambao hupimwa kwa lita. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kidogo kilo moja. Kwa hiyo ubao wa lita 80, wenye uzito wa kilo 7, unaweza kubeba takriban kilo 75 bila kuzama. Mtu wa kilo 70 akiulalia hubaki juu ya maji, na kila apigapo maji kwa mikono husogea mbele.

Ubao wa bingwa mwenye uzito huohuo huwa na lita 27 hivi. Ukiwa umetulia, hauwezi kubeba zaidi ya kilo 25, hivyo aliyeulalia huzama kwa sehemu. Bingwa huliziba pengo hilo kwa mikono yenye nguvu na kwa kasi ya wimbi. Anayeanza bado hana nguvu hiyo wala kasi hiyo.

Ni vyema basi mtu mzima anayejifunza achague ubao ambao lita zake hazipungui kilo za mwili wake. Kwa vipimo vya madukani, ambavyo aghalabu ni futi na inchi, mtu wa kilo 70 huanza vizuri na ubao wa urefu wa futi 8 hadi 9, upana wa inchi 22 au zaidi, na unene wa inchi 3 hivi. Upana humpunguzia kuyumba, na urefu humsaidia kulidaka wimbi mapema, kabla halijavunjika. Mtoto apewe ubao mdogo zaidi, ambao anaweza kuumudu mwenyewe.

Jambo hili si geni. Katika ufukwe wa Waikiki, Hawaii, visiwa ambavyo wenyeji wake waliulea mchezo huu kwa karne nyingi, wanafunzi hadi leo hufundishwa kwa mbao ndefu.

Ubao laini au mgumu

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni ubao laini, uliofunikwa kwa sponji ngumu upande wa juu. Ya pili ni ubao mgumu, ambao kiini chake cha povu la plastiki kimefunikwa kwa faibaglasi. Ubao mgumu huitikia miguu haraka zaidi, lakini pigo lake kichwani ni hatari na hupasuka kwa urahisi. Anayeanza achague ulio laini, wenye mapezi ya plastiki au mpira yasiyo na makali.

Aidha, asiingie majini bila kamba ya mguuni. Kamba hiyo iwe na urefu sawa na ubao au kuuzidi kidogo, kwa sababu ikiwa fupi mno humrudishia ubao usoni aangukapo.

Anayenunua ubao mgumu uliokwisha tumika aukague kutoka omo hadi tezi. Palipo na ufa maji huingia ndani, na ubao huwa mzito na kuoza taratibu. Aubonyeze kwa kidole gumba, na panapobonyea ajue kwamba faibaglasi imeachana na povu. Mashina ya mapezi nayo yasilegee.

Tahadhari kwa pwani yetu

Katika fukwe za Paje, Unguja, na Diani nchini Kenya, mbao nyingi zionekanazo ni za mchezo mwingine, ule wa kuvutwa na tiara kubwa kwa nguvu ya upepo. Nyingi huwa na urefu wa sentimita 140 hivi, na humbeba mtu kwa sababu tiara humvuta kwa kasi. Bila tiara, ubao huo haumfai anayejifunza mawimbi.

Vilevile, sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki imezungukwa na miamba ya matumbawe, na mawimbi makubwa huvunjikia huko, mbali na ufuo. Maji yakipwa, mwamba huwa karibu na uso wa bahari, na hakuna ubao, hata ulio laini, unaoweza kumkinga anayeangukia juu yake. Mwanafunzi atafute ufuo wa mchanga wenye mawimbi madogo yasiyozidi kiuno, awe anajua kuogelea, na asiingie peke yake.

Hatimaye, ni busara kukodi kabla ya kununua. Akiweza kusimama na kuteleza hadi ufuoni mara nyingi bila kuanguka, ndipo afikirie ubao mfupi zaidi, naye aupunguze hatua kwa hatua. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.