Mazingira ya Majaribio ya Kiotomatiki na Kiswahili cha Dzaleka

Historia ya kujaribu programu za wavuti kwa njia ya kiotomatiki husimuliwa zaidi kama historia ya zana. Mwaka 2004, mjini Chicago, Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks alitunga Selenium, zana iliyokiendesha kivinjari bila mkono wa mtu. Kohsuke Kawaguchi wa Sun Microsystems aliunda Hudson, iliyozaa Jenkins mwaka 2011, na majaribio yakaweza kujiendesha kila msimbo ulipobadilishwa. Juni 2018 shirika la W3C liliidhinisha WebDriver kuwa kiwango rasmi. Usimulizi huo ni sahihi, ila unaacha nje jambo lenye uzito kwa mtafiti wa lugha, yaani mazingira ambamo jaribio hufanyika.

Anayeandaa mazingira hayo huchagua toleo la kivinjari, hifadhidata yenye data za kubuni, saa za eneo na lugha. Mawili ya kwanza hujadiliwa kwa kina. Mawili ya mwisho mara nyingi hurithiwa tu kutoka kwenye seva, ambayo kwa kawaida huwa na saa za UTC na Kiingereza cha Marekani.

Athari yake huonekana vizuri Lilongwe, mji ambako Baobab Health Trust ilijenga mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa kwa kutumia Ruby on Rails. Katika mfumo wowote wa aina hiyo, tarehe ndiyo huamua siku ya mgonjwa kurudi kuchukua dawa. Malawi iko saa mbili mbele ya UTC. Hivyo kumbukumbu ya saa 7 usiku Lilongwe, kwa seva, ni ya saa 5 usiku, tarehe iliyotangulia. Jaribio lililoandaliwa kwa UTC pekee litapita bila kuigundua hitilafu hiyo. (Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili, ambayo huianza siku jua linapotua, saa hizo mbili ni za siku moja, seva haina mpangilio wa kulieleza hilo.)

Dzaleka, wilayani Dowa, ni mwendo wa kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa la utawala wa Kamuzu Banda. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda huwasiliana humo kwa Kiswahili, lakini elimu ya kompyuta imeingia kwa Kiingereza. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kutoa masomo ya juu kwa njia ya mtandao, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani; baadaye TakenoLab, iliyoanzishwa na mkimbizi kutoka Burundi, Remy Gakwaya, ikawafundisha vijana kuunda programu. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo huandika jaribio linalokitafuta kitufe kwa neno la Kiingereza lililoandikwa juu yake. Ukurasa ukitafsiriwa, jaribio huanguka ingawa programu ni nzima. Hapo timu yenye haraka hushawishika kuiondoa tafsiri badala ya kulirekebisha jaribio, na Kiswahili huonekana kuwa ndicho kosa.

Jambo hili lina upande wa kisheria pia. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka akiba juu ya vifungu tisa, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kwenda utakako; mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka. Masharti hayo yaliwekwa kwa kudhani kwamba kazi ina mahali. Seva ya majaribio haijali aliko mwenye kuiamuru, na washauri wa sera watalazimika kuamua kama kazi ya aina hiyo ni ajira kwa maana ya akiba zile.

Hata akiruhusiwa, mjaribu wa Dzaleka hukutana na swali la nchi. Hazina ya CLDR, ambamo programu nyingi huchota kanuni za lugha, inakitambua Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Cha Tanzania huandika elfu moja na mia tano 1,500. Cha Kongo huandika 1.500. Kiswahili cha Malawi hakimo, na mjaribu hana budi kuchagua kimoja kati ya hivyo kabla jaribio la kwanza halijaanza.