Asubuhi ya Muvuvi katika Ziwa Tanganyika

Tangu utoto wetu tulifundishwa kwamba mutu wa kazi ni ule anayeamuka mapema. Mafundisho hayo ni mazuri kwa mulimaji na kwa mwalimu. Lakini kwa watu wa mayi, tangu Uvira, Baraka na Ubwari mpaka Kalemie na Moba, hesabu ni ingine. Muvuvi wa ndagala anaanza kazi wakati jua linatua. Ile saa wengine wanaamuka, yeye anavuta mutumbwi wake kwenye muchanga. Hata hivyo asubuhi yake si ya ovyo. Iko na utaratibu ambao wazee waliujenga siku nyingi, na kuupoteza ni hatari.

Saa za ziwa

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na kina chake kinapita metre 1.400. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal tu, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Muchana ndagala wanashuka chini, usiku wanapanda juu kufuata chakula chao, na mwangaza unawavuta. Ndiyo maana mababu walivua na mienge ya moto usiku wa giza. Wakati mwezi unajaa, mwangaza wa muvuvi unakosa nguvu, na wavuvi wanapumuzika siku kadhaa. Kwa hiyo mwezi ndio kalendari yao.

Upepo ndio saa yao. Usiku upepo mudogo unatoka milimani kwenda ziwani. Muchana, inchi kavu ikishapata moto, upepo unageuka na kutoka ziwani. Kati ya hizo mbili kuna utulivu wa alfajiri. Muvuvi mwenye akili anarudi ndani ya utulivu ule. Na katika kiangazi, wakati kusi inavuma kwa nguvu, anaangalia mara mbili mbele ya kutoka.

Tuangalie pia luga yetu. Katika Kiswahili saa moja ya usiku ni saa ya kwanza kisha jua kutua, na hesabu ya zamani ilianza siku na magaribi. Kwa hesabu ile, muvuvi hafanye kazi mwisho wa siku, anaifungua siku.

Zamani za kasia na tanga

Mbele ya wageni kufika, watu wa pande hizi walikuwa mafundi wa mayi. Milima ya Ugoma, upande wetu wa mangaribi, ilijulikana juu ya miti mikubwa na mafundi wa kuchonga mitumbwi, na watu wa Ujiji walikuja kuitafuta huku. Wafanya biashara kutoka pwani ya bahari ya Hindi walileta tanga, Kiswahili, na sala ya alfajiri yenye kuamusha kijiji kabla ya jua.

Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi ya kasia. Burton aliandika kwa uchungu juu ya wapiga-kasia wake: makelele, kusimama-simama, kutotii saa yake. Leo tukisoma maneno yale tunaweza kuuliza: nani alijua ziwa? Wapiga-kasia walifuata kando ya inchi kavu, wakingoja mayi yatulie. Mwaka 1878 alifika Ujiji Muingereza mwengine, Edward Hore, ambaye alikuwa baharia wa kweli. Yeye alikaa miaka mingi, akazunguka ziwa na kuchora mipaka yake. Hata baharia wa bahari kubwa alipaswa kujifunza pepo za hapa.

Kazi tano za asubuhi

Ya kwanza ni samaki. Ndagala hawangoje. Wanapaswa kuanikwa mapema, juu ya muchanga ao juu ya vitanda, ili wapate jua la siku nzima. Katika masika, kuchelewa saa moja tu kunaweza kuharibu mavuno ya usiku muzima. Kwa hiyo wamama wanaonunua na kuanika wanafika kwenye kivuko mbele mitumbwi haijafika. Asubuhi ya muvuvi ni asubuhi yao pia.

Ya pili ni mugawanyo: fungu la mwenye mutumbwi na nyavu, fungu la wafanyakazi, na samaki ya mboga ya kupeleka nyumbani. Mugawanyo unafanyika mbele ya macho ya wote, juu ya kukata maneno mbele hayajazaliwa.

Ya tatu ni nyavu: kusafisha, kuanika, kushona matundu. Wakati wa nyavu za nyuzi za miti, wavu uliolala na mayi ulioza. Nailoni haiozi vile, lakini tundu dogo la leo ni tundu kubwa la kesho.

Ya ine ni chombo: kutoa mayi ndani, kuziba nyufa, kuangalia kasia na taa. Ya tano ni usingizi. Watoto wanafukuzwa mbali na nyumba, juu mutu asiyelala muchana atasinzia katikati ya ziwa, na ziwa halina huruma.

Kengele ya koloni

Wabeleji walileta saa ingine. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na kazi za reli na bandari zilifuata saa ya ukutani. Tangu 1917 sheria ya mashamba ya lazima ilidai watu walime. Mbele ya saa ile, mutu anayelala muchana anaonekana muvivu. Hapo ndipo zarau juu ya wavuvi ilipata nguvu, na hata leo tunaisikia midomoni mwetu.

Leo

Katika miaka ya 1950 taa za petroli, nyavu kubwa na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja vilibadilisha uvuvi. Leo kuna taa za betri na injini. Injini inampa kijana nguvu ya kushindana na upepo, na hapo anasahau kuuangalia. Mu mwezi wa Desemba 2014 boti Mutambala ilizama katika ziwa hili na watu zaidi ya 120 wakafa. Muzigo mwingi na upepo mukali vilitajwa. Ndiyo mambo yale yale ambayo wazee walichunguza mbele ya kusukuma mutumbwi.

Mwaka 2024, kufuatana na mapatano ya inchi zinazogawanya ziwa, uvuvi ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Wengi walilia njaa, na kilio chao kina haki. Lakini wazo la kupumuzisha ziwa si geni kwetu: kila mwezi ukijaa, wazee walilipumuzisha.

Basi, tusiseme tena kwamba muvuvi analala bure. Na vijana wanaorizi ziwa, warizi pia asubuhi yake: kurudi kabla ya upepo, kugawa kwa haki, kushona wavu, kuziba mutumbwi, na kulala. Injini inanunuliwa sokoni, lakini desturi hii inapatikana tu kwa wazee, na wazee hawatakaa siku zote.