Karani wa Sensa na Ukoo wa Kallikak
Mwaka 1912 mwanasaikolojia Henry Goddard, wa shule ya Vineland, New Jersey, alitoa kitabu juu ya ukoo aliouita Kallikak. Alidai askari mmoja wa vita vya uhuru wa Marekani alizaa na mhudumu wa baa, na kizazi hicho kikarithi utaahira. Ushahidi? Wasaidizi wake walipita majumbani wakiwapima watu kwa macho. Marehemu walipimwa kwa umbea.

Baadaye sana watafiti wa nasaba walifukua sensa na kumbukumbu nyingine za zamani. Mimi inanivutia sensa ya 1850: karani alitakiwa kumtia alama kila aliyezidi miaka 20 asiyejua kusoma na kuandika. Nyumbani kwa yule aliyedaiwa kuwa mwana haramu wa askari huyo, sasa mzee mwenye ardhi yake, watu wazima walijua kusoma. Tena alikuwa mtoto wa ndoa! Umaskini uliwagusa baadhi ya wajukuu, sawa, lakini walimu nao walikuwemo.

Msichana wa ukoo huo aliyekuwa chanzo cha habari yote, “Deborah”, aliingizwa Vineland mwaka 1897 akiwa na miaka 8. Alikuwa fundi hodari wa kushona na wa useremala. Aliishi kwenye taasisi hadi alipofariki, 1978.