Pugwash: Kijiji cha Wavuvi Kilichowakutanisha Wanasayansi wa Vita Baridi

Mkutano wa kwanza wa Pugwash ulifanyika tarehe 7 hadi 10 Julai 1957 katika kijiji cha wavuvi chenye jina hilo, jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Walihudhuria wasomi 22 kutoka nchi 10, zikiwamo Marekani, Umoja wa Kisovieti, China, Japani na Uingereza. Wengi walikuwa wanafizikia, lakini walikuwamo pia mabingwa wa kemia, biolojia na sheria, pamoja na daktari Brock Chisholm, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani. Walikuja kutafuta jibu la swali moja: binadamu ataokokaje na silaha alizoziunda yeye mwenyewe?

Chimbuko la mkutano huo ni mlipuko wa tarehe 1 Machi 1954 katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki, Marekani ilipojaribu bomu la haidrojeni. Wataalamu walitarajia nguvu ya takriban megatoni 6, zikatoka 15. Zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo kulikuwa na mashua ya Kijapani ya kuvulia jodari, Daigo Fukuryu Maru, yenye mabaharia 23. Saa chache baadaye majivu meupe yakaanza kuwaangukia. Yalikuwa matumbawe yaliyosagwa na mlipuko, yamejaa mionzi, na wavuvi wakayazoa sitahani kwa mikono mitupu. Wote waliugua, na mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo.

Vipimo vilivyochukuliwa kwenye mashua hiyo vilimfikia Joseph Rotblat, mwanafizikia mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifanya kazi London. Alipopiga hesabu aligundua kwamba uchafuzi wa mionzi ulikuwa mkubwa kuliko ulivyotangazwa. Rotblat hakuwa mgeni wa mambo hayo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Los Alamos katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu, lakini mwishoni mwa 1944, ilipobainika kwamba Wajerumani hawakuwa wakitengeneza la kwao, aliacha kazi na kuondoka. Ni wachache mno waliothubutu kufanya hivyo. Afrika nayo imo katika historia ya mradi ule, ingawa mara nyingi husahaulika: sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wafanyakazi wa Kikongo ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya nini.

Wakati huohuo mwanafalsafa Bertrand Russell alikuwa akikusanya saini za tamko la kuzionya serikali. Albert Einstein alitia saini tarehe 11 Aprili 1955, akafariki wiki moja baadaye. Russell alipata habari za kifo hicho akiwa ndani ya ndege kutoka Roma kwenda Paris, akadhani saini muhimu kuliko zote imepotea. Alipofika hotelini Paris akakuta barua ya Einstein inamsubiri, na saini imo. Tamko hilo, lenye majina ya wasomi 11, lilisomwa London tarehe 9 Julai 1955, na ndani yake wanasayansi wa pande zote za Vita Baridi waliitwa wakutane.

Kukutana hakukuwa rahisi. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alikubali India iwe mwenyeji, lakini vita vya Suez vya 1956 vikavuruga safari. Tajiri wa meli Aristotle Onassis alijitolea kugharamia mkutano Monaco, wazo ambalo halikupokewa. Ndipo Cyrus Eaton, mwenye viwanda aliyetajirikia Marekani, akatoa fedha kwa sharti kwamba mkutano ufanyike Pugwash, kijiji alikozaliwa. Russell mwenyewe hakufika kwa sababu ya afya.

Washiriki waligawanyika katika kamati tatu: madhara ya nishati ya atomiki, udhibiti wa silaha, na wajibu wa mwanasayansi kwa jamii. Kamati ya kwanza ndiyo iliyozaa matunda ya haraka. Serikali zilikuwa zikibishana kama majaribio ya mabomu yanadhuru watu. Wamarekani na Wasovieti wakaketi meza moja, wakapiga hesabu pamoja, wakakubaliana kwamba majaribio ya miaka 6 iliyotangulia yangesababisha takriban wagonjwa 100,000 wa ziada wa saratani za damu na mifupa katika miaka 30. Makubaliano hayo yana uzito zaidi kuliko hotuba zote za siku zile, kwa kuwa yalisimama juu ya vipimo ambavyo kila upande uliweza kuvihakiki.

Kanuni iliyowezesha hayo ilikuwa nyepesi. Kila mtu alikuja kwa jina lake, si kwa niaba ya serikali, na yaliyosemwa ndani hayakutajwa nje kwa jina la msemaji. Mtu aliweza kubadili mawazo bila kuonekana msaliti kwao, na aliporudi nyumbani aliweza kuyafikisha kwa viongozi.

Mikutano mingine ikafuata. Katika ule wa London wa 1962, wanasayansi wa Marekani na Umoja wa Kisovieti walipendekeza mitambo ya kupima mitetemo ya ardhi, iliyofungwa na kujiendesha yenyewe, ili kugundua milipuko ya siri endapo majaribio yangepigwa marufuku. Kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev alilikubali wazo hilo mwezi Desemba, lakini idadi ya ukaguzi ikawatenganisha: yeye alitaka mara mbili au tatu kwa mwaka, Marekani ilitaka zaidi. Mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963 ulipiga marufuku majaribio angani, baharini na anga za juu, ukayaacha ya chini ya ardhi. Ulikuwa nusu ya kilichotakiwa, lakini uliwaepusha watoto wengi na mionzi.

Afrika ilipokea mkutano wake wa kwanza wa Pugwash mjini Addis Ababa mwanzoni mwa 1966, mada ikiwa sayansi kwa nchi zinazoendelea. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imekwisha kulipua mabomu katika jangwa la Sahara, kuanzia Reggane mwaka 1960. Baadaye Waafrika walijiandikia Mkataba wa Pelindaba wa 1996, unaokataza silaha za nyuklia barani, na Burundi ikawa nchi ya 28 kuuridhia, idadi iliyoufanya uanze kutumika tarehe 15 Julai 2009.

Si kila jitihada ilifanikiwa. Mwaka 1967, wakati wa Vita vya Vietnam, Wafaransa wawili wa mtandao wa Pugwash, Herbert Marcovitch na Raymond Aubrac, walipeleka Hanoi ujumbe wa Marekani kupitia Henry Kissinger. Aubrac alikuwa rafiki wa Ho Chi Minh, kiongozi wa Vietnam Kaskazini, tangu 1946, alipomkaribisha nyumbani kwake. Walipokelewa vizuri, lakini mabomu yaliendelea kudondoshwa na mazungumzo yakavunjika mwezi Oktoba.

Mwaka 1995 Rotblat na taasisi ya Pugwash waligawana Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 96. Vichwa vya nyuklia, vilivyopita 60,000 katikati ya miaka ya 1980, leo vinakadiriwa kuwa takriban 12,000, na mikutano inaendelea kuitishwa, ikijadili pia silaha za kemikali na za kibiolojia.