Fresko si kila picha ya ukutani

Neno fresko, lililotoholewa kutoka Kiitaliano, hutumiwa kiholela kwa kila picha iliyo ukutani, ingawa maana yake ni finyu: ni picha inayochorwa juu ya lipu ya chokaa ikingali mbichi, ili chokaa hiyo, inapokauka na kuungana na hewa ukaa, iikamate rangi ndani yake na kuwa kitu kimoja nayo. Kwa kipimo hicho, picha nyingi za makanisa ya Ethiopia hazistahili jina hilo, kwa kuwa huchorwa juu ya lipu iliyokauka au juu ya kitambaa kilichobandikwa ukutani. Wala si fresko michoro ya Bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka wa Usukuma, ambayo mtafiti Hans Cory aliitolea kitabu mwaka 1953 na ambayo, kwa ujasiri wa mistari yake, haihitaji kuazimwa heshima ya Kiitaliano. Mwandishi anayewaelezea haya wasomaji wa Dutwa, wilayani Bariadi, huko huko Usukuma, ambao ni warithi wa sanaa hiyo, aseme michoro ya ukutani, na fresko aiachie lipu mbichi.